Shavu la Kushoto

…na bado sijazunguka, shavu la kulia limekwisha, limelainika linang'aa, la kushoto limejaa povu na povu lenyewe linaanza kukauka karibu na sikio, na kinachotakiwa ni kitu kidogo tu, nitoke huku nilipo, nipite nyuma ya kiti, nitokee upande wa pili, kitu ambacho nimekifanya miaka yote ya kazi hii bila hata kujua kwamba ninakifanya, kama mtu anavyopepesa macho, na sasa nimesimama na wembe mkononi kama aliyesahau alichotumwa, kwa sababu nyonga ya kushoto imekataa, si kwamba inauma, neno kuuma limekuwa dogo, ni kama kuna mtu ameingiza bisibisi pale mguu unapoungana na kiuno na anaikaza taratibu, nikiukanyagia mguu tu anakaza tena, kwa hiyo nimehamishia uzito wote mguu wa kulia, nimeegemeza kiwiko kwenye mgongo wa kiti, najifanya nakagua upande niliokwisha kuunyoa, napitisha kidole gumba chini ya taya mahali pasipo na hata unywele mmoja, nakunja uso kidogo kama fundi asiyeridhika na kazi yake, na baba mkwe wangu amefumba macho, anaongea, anazungumzia meno yake mapya, "haya meno si yangu," anasema, "yule fundi alimpima mtu mwingine, mimi akanipa ya huyo mtu," na mimi naitikia, ehe, baba, naitikia panapostahili, maana kinyozi husikiliza kwa sikio moja tu, la pili huliacha kwenye wembe, anasema yanagongana akitoa salamu, anasema akitaka kula nyama inabidi ayavue ayaweke kwenye kikombe, na juzi mjukuu wake, yaani binti yangu wa mwisho, alikiinua kikombe akidhani ni maji ya kunywa, nyumba nzima ikasikia, na siku nyingine ningecheka mpaka niuweke wembe chini kwanza, lakini leo kicheko kikishuka mpaka kwenye kiuno kitanimaliza… leo, kwani leo kafuata nini hapa, siku yake si leo, huyu mzee alifanya kazi posta mpaka akastaafu, mambo yake yote yana siku yake, ndevu zake ni Ijumaa, Ijumaa moja anakuja, inayofuata haji, amekuja Ijumaa hii iliyopita tu, hizi ndevu nilizopaka povu ni kivuli cha ndevu, nimepaka sabuni nyingi ili tusionekane wajinga wote wawili, yeye kwa kuja na mimi kwa kumnyoa, na alipoingia hakusema chochote kuhusu siku, alining'iniza kofia, akaketi, akasema "ninyoe, mkwe," na jicho lake lilinishuka mpaka miguuni likapanda tena, lile jicho lake la posta, la mtu aliyeshinda maisha yake yote akisoma anwani za watu kwenye bahasha na kuzitupa kila moja kwenye shimo lake, na mimi nikageuka haraka kuchukua taulo, nikatembea kwa kujikaza, mguu wa kushoto nikauburuta kidogo tu, kidogo sana, mtu asiyejua angesema ndala imelegea… simu inatetemeka tena. Nimeilaza kifudifudi kwenye rafu kando ya chupa ya spiriti, nimeizima sauti lakini kutetemeka sikukuzima, inatembea yenyewe juu ya mbao kama mende aliyepinduliwa, inaisogelea chupa, inaigusa, chupa inalia, na ni wao, sina haja ya kuigeuza, ni yule nesi wa kliniki mwenye sauti ya kubembeleza, amepiga tangu asubuhi, na mwenzangu wa kiti cha pili, ambaye mashine yake ilikuwa inanguruma kwenye kisogo cha kijana mmoja pamoja na redio yake ya mpira, ameizima mashine ghafla ili apige chanuo, na katika ukimya huo chupa yangu inalia peke yake, akasema bila kugeuka, "pokea, kaka, au ni bi mdogo?" na kijana wake akacheka, na mimi nikasema ni wale wa matangazo, wananisumbua tu, na baba mkwe wangu hakucheka, aliacha kusema habari za meno, halafu mashine ikawaka tena na yeye akaendelea, lakini alipoendelea alianzia mahali ambapo alikuwa ameshapasema, kana kwamba meno hayo hayakuwa ndiyo habari yake… matangazo, ndiyo, tangazo lenyewe ninalijua, ni ile picha, picha ya eksirei waliyonipiga juzi nikaiacha, maana kila kitu nilikifuata vizuri hadi mlango wa chumba cha picha, damu nikatoa, mkojo nikatoa, wa asubuhi, wa kwanza, kama walivyotaka, nikaubeba kwenye mfuko mweusi kama mtu aliyeiba, na daktari, binti mdogo, umri wa mdogo wangu wa mwisho kama ningekuwa naye, alinikalisha akaniambia majibu bila kuzunguka, akasema virusi havionekani kwenye kipimo, hapo uko vizuri, miaka yote uko vizuri, lakini figo, akasema figo kazi yake ni mbili, watu wanaijua moja tu, ya kuchuja, kumbe figo ikishachuja inatakiwa irudi nyuma iokote vile ambavyo mwili bado unavitaka, ivirudishe kwenye damu, na zako zinachuja lakini kuokota zimechoka, kuna sukari kwenye mkojo wakati sukari ya damu iko sawa, kuna protini, na kuna madini yanaitwa fosfeti, yanatoka na mkojo, kwenye damu yamebaki kidogo mno, na mimi, mjinga, nikasema kwa hiyo mkojo wangu ni mtamu kuliko mimi, na akatabasamu, mtoto wa watu, akanihurumia, halafu akauliza, "mifupa inakuuma?" na hapo alinikamata, kwa sababu nilikuwa nimekwenda pale kwa siku yangu ya kawaida ya kuchukua dawa, sikuwa nimemwambia mtu yeyote habari ya mifupa, nyumbani nilisema ni kusimama sana, kazini nilisema ni godoro, na mwenyewe nilijiambia ni uzee umekuja kabla ya miadi, mbavu zikinichoma nikipiga chafya, nyayo asubuhi kama nimetembea juu ya kokoto, na ngazi, ngazi tatu tu za duka hili ninazipanda nimeshika ukuta, nimeigeuza ikawa tabia yangu, kusimama nikiangalia kama kibao cha duka kimekaa sawa, kumbe napumzika… nikamwambia inauma. Akasema mwili ukiikosa fosfeti kwenye damu huenda kuichukua kwenye mifupa, ndipo ghala lilipo, na mfupa ukichotwa kila siku unalainika, unaweza kuanza kupasuka taratibu bila hata kuanguka, na mimi nikauliza swali ambalo nilijua jibu lake kabla sijamaliza kuliuliza, ni dawa?, akasema kuna uwezekano mkubwa, moja kati ya zile zilizo ndani ya kidonge chako, kwa walio wengi haileti shida hii, kwa wachache inaleta, na wewe umekuwa kati ya hao wachache, tutakubadilishia, dawa nyingine zipo, figo nyingi zikiachana na ile dawa hupata nafuu, na mifupa hujijenga tena tukiirudishia fosfeti, lakini leo upige picha ya nyonga, na akaniangalia sana akasema, "usiache dawa mwenyewe, tafadhali, hata siku moja," na mimi nikasema siachi, daktari, nitaachaje… nikapiga picha, nikaambiwa subiri kwenye benchi, na kwenye benchi nani amekaa, mteja wangu, yule mfanyabiashara wa matairi mwenye kipara ninachokipolishi kila Jumamosi, mkono umefungwa bandeji, akaniona akafurahi, "kinyozi! na wewe umevunjika wapi?" na mdomo wangu ukajibu wenyewe, ukasema hapana, nimekuja kumtazama mgonjwa, ndiyo natoka, na mtu aliyesema anatoka inabidi atoke, nikatoka, nikatembea korido nzima ile wima kama mtu mzima asiye na shida, sikuchechemea hata hatua moja, meno nimeyauma, machozi yananitoka kwa maumivu, na nyuma yangu nasikia anasema mpe pole mgonjwa wako, nikasema ameshapoa… picha ikabaki kwao. Na sasa wanapiga simu, na mtu hapigiwi simu kutwa kuambiwa picha yako ni nzuri, wanataka nini, wanataka nitembelee magongo, ndiyo, daktari aliligusia hilo, kama kuna ufa utatembelea magongo kwa muda usiukanyagie mguu, sasa niambieni kinyozi gani anayenyoa na magongo, magongo mkono gani na wembe mkono gani, na wateja watauliza, mteja yeyote akikaa hapa mbele ya kioo hana kazi nyingine ila kuuliza, umeanguka wapi, gari gani, nani alikuwa anaendesha, na uongo mmoja nitaufungia mwingine, na siku moja mtu mmoja atajumlisha, kliniki, vidonge, kukonda kule kwa zamani, na atatamka kwa sauti lile neno ambalo tangu siku ya kwanza halijatamkwa humu, UKIMWI, na basi, kiti hiki kitakauka, nani atakaa aniletee shingo, hata nikimweleza kwamba wembe ni mpya kwa kila kichwa, ninaufungua mbele ya macho yake, hata nikimweleza kwamba glavu hizi wanazonitania nazo wakiniita daktari, daktari, nilianza kuzivaa mimi wakati vinyozi wote wa mtaa huu hawajui glavu ni nini, na kwamba mwilini mwangu virusi havionekani, hakuna atakayesikiliza, atasikia neno moja tu na kofia yake ataivalia nje… na jana sikukimeza. Nilikishika, nikakitazama, kidonge kile kile, rangi ile ile, hicho ndicho kilichoninyanyua kitandani, wakati ule mashine ya kunyolea ilikuwa nzito mkononi mwangu kama jiwe la kusagia, mke wangu alikuwa ananifunga suruali kwa kamba kama mtoto wa shule, na kikanirudisha, kidogo kidogo, kikanirudishia nyama, sauti, hasira, kikanirudishia kazi, na miaka yote hiyo niliyokuwa nakishukuru kumbe na chenyewe kilikuwa kinanichota mifupani, nikasema basi, tupumzike kidogo, mimi na wewe, siku chache tu, figo zipate hewa, nikakirudisha kwenye chupa, ile chupa niliyoijaza pamba ili vidonge visicheze vikasikika, na mke wangu akauliza kutoka mlangoni, "umemeza?" nikasema nimemeza, na akatazama glasi ya maji, ilikuwa imejaa, akatazama glasi, akanitazama mimi, akaenda zake kukunja nguo, na kukunja kwake kule, kila nguo anaikunja mara mbili, mara tatu, hata soksi… "mkwe," anasema mzee, "mbona umesimama?"

Nikasema nakagua, baba, hapa chini pana unywele mmoja mkaidi, naye macho bado amefumba, mashine ya mwenzangu inanguruma, redio inapiga kelele mtu amekosa bao, na nikasema sasa, sasa hivi, kabla hajaniuliza tena, nikautoa wembe shingoni kwake, nikaushika juu, mbali, nikaukanyagia mguu wa kushoto hatua moja, moja tu, na ile bisibisi ikazama yote, mpaka kwenye mpini, goti likakunjika lenyewe kama si langu, nikadaka mgongo wa kiti kwa mkono mtupu na kiti kikayumba, mzee akayumba nacho, meno yakagongana, ta, na nikabaki nimening'inia hivyo, nusu nimesimama nusu nimeanguka, jasho limetoka mwili mzima kwa mpigo mmoja, na wembe, asante Mungu, wembe uko juu hewani kama mtu anayeomba ruhusa ya kusema, na nikamtazama kwenye kioo, amefumbua macho, ananitazama humo humo kwenye kioo, nusu ya uso wake nyeupe, nusu uso wa mtu, na sikuweza kufikiri kitu kingine isipokuwa siku ile taa ilipozimika nikiwa shingoni kwake na wembe ukateleza, tone moja likatoka chini ya sikio, damu yake, si yangu, yangu iko ndani ya glavu haina pa kutokea, nilijua hilo, lakini niliruka nyuma nikaangusha chupa, na yeye akasema tu, "paka spiriti, endelea," akalaza kichwa nyuma, akaninyooshea shingo ile ile, na nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu baba yako angejua angenichinja kwa wembe wangu mwenyewe, naye alikuwa anamnyonyesha mtoto, aliinamisha uso… "shika kiti vizuri," anasema mzee sasa, kwa sauti ya chini, sauti ambayo haivuki mikono ya kiti hiki, "shika, usijibu, sikiliza. Hospitali wamempigia mke wako, wewe hupokei. Amenipigia mimi analia." Na nikasema ni mgongo, baba, nilibeba jenereta, na akasema, "mkwe, najua. Aliniambia mwaka ule ule mlipopimwa." Hivyo tu, hakuongeza sauti wala hakuipunguza, kama anavyosema leo kuna joto, na mashine inanguruma, na kijana wa mwenzangu anaomba apunguzwe kidogo juu ya masikio, dunia inaendelea kunyolewa, na mimi nimesikia vizuri na wakati huo huo sijasikia, aliniambia, alimwambia, mke wangu, yule ambaye tulitoka naye kwenye chumba kile cha wajawazito yeye akiwa mzima na mimi nikiwa na virusi vya UKIMWI, tumbo lake mbele yetu kama mtu wa tatu, tukafika nyumbani tukafunga mlango akanishika mikono yote miwili akasema hili litaishia ndani ya chumba hiki, mimi na wewe, yeye ndiye aliyesema, si mimi, na hasira ikanipanda, hasira safi, imenipanda kwa kasi hata maumivu yakasogea pembeni, nikaona miaka yote ile nikijificha mbele ya mtu anayejua, nikivaa mashati mapana mwaka ule nilipokonda, nikila kwake sahani inajaa nikiimaliza kwa nguvu ili aone ninakula, nikimeza kidonge chooni kwake maji ya bomba mkononi, naye amekaa sebuleni anajua mkwe wake ameingia kumeza dawa, anasubiri, anaongeza sauti ya redio… anaongeza sauti ya redio. Kila mara. Nilidhani hasikii vizuri. "Nilimwambia arudi nyumbani," anasema, na sasa hanitazami tena, anatazama rafu yangu, chupa, brashi, "sitakuficha. Nilimwambia chukua nguo zako urudi. Akakataa. Mwanangu hakuwahi kunikatalia kitu. Basi nikaja hapa ninyolewe, nimwone huyo mtu." Na akaongeza, "mara ya kwanza nilifumba macho kwa woga, nakwambia kweli, nilisali," na meno yakagongana kidogo, akayasogeza kwa ulimi, "siku hizi nafumba kwa usingizi," na mimi ndipo hesabu ikaanza kujipanga kichwani yenyewe, bila kuulizwa, kwa sababu kabla ya mwaka ule huyu mzee hakuwa akinyoa hapa, alikuwa ananyoa kwa rafiki yake karibu na posta, alianza kuja kwangu mwaka ule, nilidhani amestaafu anataka kupunguza safari, Ijumaa moja anakuja, inayofuata haji, kiangazi na masika, na kila mara alikaa hapa akijua, akalaza kichwa, akanipa shingo, na siku ile taa ilipozimika alikuwa anajua, damu inamtoka na anajua ni mkono wa nani, paka spiriti, endelea… na hasira iko wapi, nimeitafuta sasa hivi nilipoiacha, haipo, kuna kitu kingine mahali pake na sitaki kukipa jina kwa sababu nikikipa jina nitalia na mwenzangu ataniona kwenye kioo. Simu inatetemeka. Chupa inalia. "Unaichukua au niichukue mimi," anasema mzee, na nikasema baba, jana sikumeza dawa, imetoka tu, wala sikuwa nimepanga, kwa sauti ya kunong'ona kama mtoto aliyevunja sahani, nikasema ndiyo inayoninyonya mifupa, daktari amesema mwenyewe, kwa nini niimeze, na mzee, posta hawakumfundisha figo, akasema, "mimi hayo siyajui. Ila yeye alisema uache?" Nikasema alisema nisiache, alisema atanibadilishia. "Basi hatujamaliza kumsikiliza," akasema, hatujamaliza, yeye na mimi, akatoa mkono mmoja chini ya kitambaa, mkono uliojaa mishipa, akaikamata simu, hakuipokea, akaiweka juu ya paja lake, ikatetemekea hapo mpaka ikanyamaza.

Na sasa tuko hivi, povu limekauka kweli kweli, shavu la kushoto linaonekana kama ukuta uliopakwa chokaa, na mimi niko pale pale, upande ule ule wa kulia, sijasogea hata unene wa kidole, na bado ni lazima mtu azunguke, na nawaza nitapita kwa kushika ukuta, aone, kama anajua anajua, na kabla sijaanza nikahisi mgongo wa kiti unaniponyoka taratibu chini ya kiwiko, ni yeye, amekanyaga sakafu kwa ncha ya kiatu, anasukuma, na kiti hiki kinazunguka, ndiyo, vyote vinazunguka, lakini aliyenifunza kazi alinipiga kofi siku ya kwanza nilipokizungusha na mteja, akasema mteja hasogezwi, mteja anatulia, anayemzunguka mwenzake ni kinyozi, na sijawahi tena, tangu kofi lile, na huyu mzee anasukuma kwa kiatu, kidogo, tena kidogo, amejishika mikono ya kiti kama mtu aliyepanda kitu asichokiamini, hadi kioo kikabaki ubavuni kwake na lile shavu la chokaa likaja mbele yangu, lenyewe, mimi nimesimama tu. Mwenzangu ameona, nimeona jicho lake, akarudi kwenye kisogo cha kijana wake, sijui alichoona. Nikachovya brashi, nikalowesha povu upya, nikakalisha makalio kwenye ukingo wa rafu ili nyonga ipumzike, kitu ambacho sijawahi kukifanya mbele ya mteja, rafu ikalia, ikanibeba, na nikasema, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba tukimaliza hapa, baba, ningeomba unisindikize hospitali, sidhani kama nitafika peke yangu, na akasema, "nimalizie kwanza, siwezi kwenda kwa madaktari nina ndevu upande mmoja, watanilaza mimi," na hakucheka, na mimi sikucheka, nikamvuta ngozi ya shavu kwa vidole viwili, akapuliza shavu likajaa, na wembe ukashuka mara ya kwanza, ukaacha njia safi, na ninawaza sitaki kuingia mle ndani nianze na habari ya picha, wala mfupa, wala magongo, yule binti daktari atakuwa ameshayaandaa hayo, mimi nitaanza na la jana, kwamba nilikishika nikakirudisha, na kwamba leo pia bado, nitamwambia kabla hajaniuliza, na kama kuna ufa ataniambia kuna ufa, na nitatoka humo na magongo nipite mbele ya benchi lile, na akiwepo mtu wa matairi akiniuliza nimevunjika wapi nitamwonyesha mahali, na wembe unashuka mara ya pili, taratibu, chini ya sikio pana ngozi laini, hapo hupita mtu asiye na haraka…